Somo la Moyo Chini ya Mabati

Kama umepangiwa kufundisha darasa lenye paa la mabati lisilo na dari, na uko upande wetu huu wa Uasin Gishu, nakupa pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa sababu iko siku utafungua mdomo ufundishe na hakuna atakayekusikia, hata wewe mwenyewe. Hongera kwa sababu siku hiyo ndiyo utakayojua kama ulikuwa unafundisha ama ulikuwa unaongea tu.

Mimi nimestaafu. Ninaishi Kimumu na mke wangu, kuku wachache, na kwaya ya wazee ambayo Mungu huivumilia kila Jumapili. Vijana wa kanisani wakishajua kwamba nilifundisha shule ya msingi kule Moiben miaka mingi, hunijia baada ya ibada na maswali yao, hasa hawa walioanza kazi wakati wa mtaala mpya. "Mwalimu Okoth, tumeambiwa tuingize sanaa katika kila somo. Sasa hesabu nitaiimba namna gani?"

Huwa nawaambia watulie kwanza, wanywe chai. Jambo hili si geni kama wanavyodhani. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa taa, kwa chachu na kwa kondoo aliyepotea, na sijasoma mahali popote kwamba aliwaambia watu watoe madaftari wanakili.

Nikitaja kondoo, lazima niwaonye. Mwaka mmoja tulikuwa tunatengeneza picha ya kijiji kwa kubandika vitu: mchanga uwe barabara, majani makavu yawe shamba, na kadhalika. Nikawaambia watoto, "Kesho aliye na kondoo kwao alete manyoya." Nilidhani nimesema vizuri. Asubuhi nikamkuta Kiprono mlangoni ameshika kamba, na mwisho wa kamba kondoo mzima.

"Hii ni nini, Kiprono?"

"Ni manyoya, Mwalimu. Baba amesema uchukue mahali unataka, lakini si mgongoni. Asubuhi kuna baridi."

Kumrudisha nyumbani kulikuwa mwendo mrefu, kwa hivyo kondoo alibaki nasi mpaka saa ya chakula. Alikuwa mtulivu kuliko wanafunzi wengi. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikula ramani ya Kenya iliyokuwa ukutani, kuanzia Turkana mpaka karibu na Isiolo. Tangu siku hiyo, nikiagiza kitu, naonyesha kwa vidole. Kidogo hivi. Cha kutosha kiganja. Wewe pia fanya hivyo. Wazazi wetu huku ni wakarimu, na hawapendi kuonekana wamepunja shule.

Kosa jingine lilikuwa la ujana. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa, na nilipofika Moiben nilikuja na ziwa lote kichwani. Nikitaka kufundisha sehemu, nusu na robo, niliandika igizo la wavuvi wanaogawana samaki. Lilikuwa igizo zuri, kwangu mimi. Niliwavalisha watoto magunia, nikawapa wavu. Wakasimama wananitazama kama watu walioitwa kwenye harusi ya mtu wasiyemjua. Mwishowe mmoja akauliza, "Mwalimu, watu wanne wanagawana samaki mmoja? Kwani kwao hakuna maziwa?"

Madam Tabitha, aliyekuwa mwalimu mkuu wakati huo, alikuwa anasikiliza dirishani. Mungu ampumzishe pema, alikuwa mama asiyepoteza maneno. Aliniita kando akaniambia, "Okoth, hawa watoto wanakamua ng'ombe kabla wewe hujaamka. Mikono yao inajua vitu. Anza hapo." Sikupata ushauri mwingine mkubwa kuliko huo katika kazi yangu yote, na nilifundishwa na watu wengi wenye digrii.

Kwa hivyo ukiingia darasani, usianze kwa kujiuliza nitaimba nini, nitachora nini. Jiulize kwanza mikono ya hawa inajua nini. Wa mjini hujua kamba, visoda vya chupa na mpira wa makaratasi. Wa Moiben hujua kukamua, kupukuchua mahindi, kufunga ndama. Na ukichora, chora vibaya. Nasema kweli. Mimi nilikuwa nikichora ng'ombe mzuri, watoto wananyamaza. Nikichora ng'ombe mwenye miguu kama ya meza, darasa zima linasimama. "Mwalimu, goti liko hapa!" "Mwalimu, huyo atazaaje?" Mwisho wa somo wamejifunza mifupa yote bila kujua kwamba walikuwa wanafundishwa.

Sasa niwasimulie habari ya Jepkorir, maana mwenyewe ameniruhusu, na anacheka kuliko wote nikiisimulia.

Jepkorir alikuja kwetu kutoka chuo kikuu kufanya mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, nikapewa niwe mlezi wake katika Gredi ya Sita. Alikuwa binti mwenye bidii na mwoga sana. Mhadhiri aliyekuja kumkagua mara ya kwanza tumwite Daktari, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na mpishi. Siku hiyo Jepkorir aliandika ubao mzima, akaufuta, akauandika tena. Watoto walinakili mpaka wino ukaisha.

Daktari alimwita nje karibu na tangi la maji. Mimi nilikuwa upande wa pili ninaosha mikono, nikasikia kila kitu bila kutaka.

"Madam, leo hukufundisha watoto. Umefundisha ubao. Na ubao umeelewa vizuri."

"Ndiyo, sir."

"Nitarudi mara moja tu. Nikikuta hivi tena, hutahitimu na wenzako. Utarudia mazoezi yote mwakani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, sir."

Gari lilipoondoka, Jepkorir akaja kwangu akiwa amejikaza asilie. "Mwalimu, shida si mimi. Shida ni mama."

"Mama anaumwa?"

"Hapana. Ameshawaambia kina mama wote wa kanisa letu kule Kesses kwamba nahitimu. Wameshachagua kitambaa cha sare ya sherehe."

"Rangi gani?"

"Zambarau."

"Basi kazi tunayo," nikasema. "Kina mama wakishachagua rangi, hata Daktari hawezi kuwarudisha nyuma."

Akacheka kidogo. Tukaanza hapo.

Somo lililokuwa mbele yake lilikuwa moyo na mzunguko wa damu. Nilimuuliza swali la Madam Tabitha: mikono ya hawa watoto inajua nini? Akafikiri, akasema, "Kukamua." Nikamwambia, "Na moyo hufanya nini?" Akanitazama. Kisha akafungua kiganja chake, akakikunja, akakifungua tena, na uso wake ukabadilika. Nimeona mambo mengi mazuri katika maisha, na namshukuru Mungu kwa yote, lakini uso wa mwalimu kijana anayeelewa kitu kwa mara ya kwanza nauweka karibu sana na juu.

Tulipanga hivi. Sakafu ya darasa iwe mwili wa mtu, umechorwa kwa chaki. Mapafu yawe dirishani, kwenye hewa. Ubongo uwe mbele, penye ubao. Miguu iwe nyuma kabisa. Katikati duara la moyo. Watoto wengine wawe damu, wanazunguka. Dirishani wanachukua gunzi, lile linalobaki hindi likishapukuchuliwa, maana magunzi hatukuwahi kukosa. Gunzi ni hewa safi. Wanapitia kwenye moyo, wanalipeleka kwenye miguu na ubongo, na huko wanapewa kipande cha makaa, ambacho ni hewa chafu. Makaa wanayarudisha, wanapitia tena kwenye moyo, mpaka dirishani. Moyo unasimama katikati na kubana ngumi, na hakuna damu inayopita kabla ngumi hazijabana.

Moyo tulimpa Cherono. Alikuwa msichana mkubwa, mpole, aliyekamua ng'ombe wa kwao kila asubuhi kabla ya shule, na kwa sababu hiyo alisinzia kila alasiri. Wengi walimwona mzito. Mimi nilijua kwamba ukimpa mtoto wa namna hiyo kazi ambayo mchezo hauwezi kwenda bila yeye, hasinzii. Hilo nalo liandike mahali. Usimpe mtoto anayesahaulika kazi ya kuwa mti nyuma ya jukwaa.

Tulijaribu wiki moja kabla ya Daktari kurudi. Ilikuwa vurugu. Mapafu yalipigana na miguu. Sehemu fulani ya damu ilitoka nje kunywa maji. Mwalimu mkuu wetu mpya akachungulia mlangoni.

"Kuna nini hapa?"

"Ni mzunguko wa damu, sir," Jepkorir akajibu akitweta.

"Basi huyo mtu yuko na presha. Mpelekeni hospitali."

Akaenda zake akicheka, lakini Jepkorir hakucheka. Usiniulize nilimwambia nini baada ya hapo, kwa sababu hofu ikishamshika mtu hasikii. Alikaa kwenye chumba cha walimu akasema, "Daktari akikuta kelele kama hizi, nimeisha." Siku iliyofuata akaniletea wimbo. Alikuwa ametunga wimbo kuhusu moyo, wenye beti na kiitikio, na watoto waliupenda. Watakaa kwenye madawati, wataimba vizuri, Daktari atafurahi. Igizo aliliacha.

Wimbo ulikuwa mtamu kweli. Mimi ni mtu wa nyimbo, nisingeusema vibaya. Nilimwambia tu, "Binti yangu, wimbo ni mzuri. Lakini muulize Cherono damu inatoka wapi kwenda wapi, uone kama wimbo umemwambia." Akasema, "Mwalimu, wacha nipite kwanza." Nikamwacha. Mlezi ana kazi mbili, kusema na kunyamaza, na ya pili ndiyo inayochosha.

Daktari alitakiwa kufika asubuhi. Barabara ilikuwa tope, gari lake likakwama kwa muda mrefu, akafika baada ya chakula, suruali imechafuka na uso umekunjwa. Somo la Jepkorir likasogezwa mpaka alasiri. Wenyeji mnajua anga letu msimu wa mvua. Asubuhi bluu, alasiri nyeusi upande mmoja kama sufuria.

Daktari aliketi nyuma kabisa. Mimi niliketi kando ukutani. Jepkorir akasalimu darasa, akaeleza somo kwa sauti nzuri, akainua mkono kuanzisha wimbo. Watoto wakavuta pumzi.

Ndipo mvua ya mawe ikaanguka.

Kama hujawahi kuwa chini ya mabati mvua hiyo ikija, siwezi kukueleza. Si kelele, ni ukuta. Niliona midomo ya watoto ikifunguka na kufungika, wanaimba kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna hata sauti moja inayofika. Ubeti wa kwanza ukapotea. Kiitikio kikapotea. Wengine wakaanza kuangalia dirishani, wengine wakaziba masikio na kucheka. Daktari akatazama saa yake.

Jepkorir akanigeukia. Nilijua anachoniomba: nisimame, nifanye kitu. Vijana wangu, mikono yangu iliwasha. Nimeokoa masomo mengi katika maisha yangu. Lakini somo hili lilikuwa lake, na kama ningesimama, Daktari angekuwa amemkagua Mwalimu Okoth. Nikaikalia mikono yangu, nikatazama sakafu, nikaomba kwa maneno machache kwa sababu hata Mungu alihitaji utulivu.

Nilipoinua macho, hakuwa amesimama tena mbele. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na chaki mkononi, anachora duara.

Watoto walioona wakagusana. Madawati yakasukumwa pembeni. Hakuna aliyeambiwa lolote, na hakuna ambaye angeweza kuambiwa. Jepkorir akaonyesha dirisha kwa kidole, mapafu yakaenda dirishani. Akagusa paji la uso wake, ubongo ukaenda mbele. Magunzi yakatoka kwenye kona yalikokuwa tangu juma lililopita, na gunia la makaa likafunguliwa. Kisha akamtazama Cherono, akafungua kiganja na kukikunja. Cherono akaingia kwenye duara, akasimama kama nguzo, akaanza kubana.

Na ile vurugu ya wiki iliyopita haikuwepo. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeweza kupiga kelele, basi wote walilazimika kutazama. Walitazama ngumi za Cherono. Zikibana, wanapita. Zikifunguka, wanasimama. Magunzi yalikwenda, makaa yakarudi. Mtoto mmoja wa damu alipofika dirishani na gunzi badala ya makaa, mapafu yalimkataa kwa kichwa, yakamrudisha mpaka miguuni akabadilishe.

Sasa, miguu ilikuwa nyuma, na nyuma alikuwa ameketi Daktari. Msichana mmoja mdogo alifika mbele yake na gunzi, akampa. Daktari akalipokea, hajui la kufanya. Msichana akabaki amenyoosha mkono. Anangoja. Nyuma yake foleni ya damu ikaanza kukusanyika, wote wanamtazama huyu kidole cha mguu asiyefanya kazi yake. Daktari akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona makaa karibu na kiatu chake, akaokota kipande akampa. Msichana akainama kwa heshima akaondoka. Wa pili akaja. Wa tatu. Kabla mvua haijaisha, vidole vya Daktari vilikuwa vyeusi na mapaja yake yamejaa magunzi.

Mvua ilikatika ghafla, kama kawaida yake. Ukimya ukaingia. Na kabla mtu hajasema neno, ringi ya gurudumu la lori tuliyokuwa tukigonga kama kengele ikalia uwanjani.

Mungu ndiye aliyeumba watoto, na ndiye aliyeumba mvua ya mawe, na hajawahi kuvitenganisha viwili hivyo. Uwanja ulikuwa mweupe. Gredi ya Sita iliruka madawati, ikatoka kwa mlango na wengine kwa dirisha, wanapiga kelele, wanaokota mawe ya barafu na kuyatia mdomoni. Nyuma yao wakaacha magunzi yamelala, makaa yamekanyagwa, chaki imefutika nusu.

Jepkorir alisimama katikati ya vurugu hizo na vumbi la chaki magotini. Daktari akainuka, magunzi yakaanguka sakafuni. Akatazama vidole vyake.

"Madam," akasema, "somo halikuwa na hitimisho. Hukuwauliza swali hata moja. Na mahali pa sauti ya mwalimu sijui niandike nini, kwa sababu sikuisikia."

Jepkorir akasema kwa sauti ndogo, "Andika mvua, sir."

Daktari hakucheka. "Darasa zima limekutoroka. Nitajuaje kama wameelewa?"

Akilini niliwaona kina mama wa Kesses wakikunja vitambaa vyao vya zambarau na kuvirudisha kabatini. Daktari akachukua mkoba wake, akageuka kuelekea mlangoni, na hapo akasimama.

Cherono alikuwa bado kwenye duara. Amesimama palepale, ngumi zinabana na kufunguka, jasho linamtoka, macho yake yako dirishani kwa wenzake.

"Wewe," Daktari akamwambia, "mbona hujaenda nje?"

"Siwezi, sir."

"Kwa nini huwezi?"

"Mimi ndio moyo."

"Lakini kengele imelia. Somo limeisha."

"Kengele ni ya hao wengine, sir." Hakuacha kubana. "Moyo ukiacha, huyu mtu anakufa."

Daktari akasogea karibu. "Hata akilala usiku?"

"Hata akilala. Akilala ndio wewe moyo unabaki peke yako."

"Na damu inayorudi na makaa, unaituma wapi?"

"Kwa mapafu, sir, ikaoshwe. Nikiituma kwa ubongo hivyo ilivyo, mtu anaanguka. Hata wewe ungeanguka hapo."

Nje mtu akapiga kelele, "Cherono! Yanaisha!"

Daktari akatazama nje. "Unataka kwenda kula mawe?"

"Nataka sana, sir."

"Sasa tufanye nini?"

Cherono akafikiri. "Mtu anishikie."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama mabati juu, kama mtu anayechunguza misumari. Basi akaweka mkoba wake juu ya dawati, akaingia kwenye duara na vidole vyake vyeusi, akaanza kubana. Cherono akamkagua.

"Mikono yote miwili pamoja, sir. Usipokezane kama unakamua."

"Hivi?"

"Hivyo. Na usiharakishe."

Akaridhika, akaruka dirishani. Tulisikia kelele za wenzake wakimpokea uwanjani.

Jepkorir alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, sijui analia au anacheka. "Sir," akasema, "unaweza kuacha sasa."

"Madam, umesikia nilivyoambiwa. Mtu atakufa." Akaendelea kubana, uso mzito kama siku ya mtihani. Kisha akasema bila kugeuka, "Umepita. Mpigie mama. Lakini kwanza njoo unipokee hapa, mikono imeanza kuniuma."

Jepkorir akaweka chaki chini, akaingia kwenye duara.